Treni ya zamani Dar mpaka Kigoma: nimelala njia nzima juu ya reli ya Mjerumani, haya ndo maoni yangu

Naanza na jibu kabisa kwa wale ambao hawana muda wa kusoma marefu: pandeni hii treni. Nazungumzia ile ya reli ya zamani, mita geji, Dar mpaka Kigoma, sio SGR, ile reli mpya ya umeme. Mi nilichukua daraja la pili kulala, behewa la kawaida. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyobakiza nitasema huko chini ni ya nini.

Sasa kwa wenye muda. Mi ni mtu wa Tabora, nimezaliwa na kukulia pale, alafu maisha yakanileta Dar na kama wengi wetu nikahamia kwenye basi. Miaka kumi na kitu nakwenda nyumbani kwa basi, unaingia alfajiri, unasinzia, unashtuka mko Singida, unafika miguu imevimba na hujaona kitu. Baadae SGR ikaanza, 2024, nikapanda mpaka Dodoma na kwakweli nimeipenda, spidi 160, umekaa vizuri, chupa ya maji haijaisha mshafika. Lakini nilivyoshuka pale Dodoma ndo nikamkumbuka bibi.

Bibi yangu mzaa baba yupo hai, yupo Tabora, ameshavuka miaka tisini. Na kuna neno huwa analisema tangu tuko wadogo: reli hii kaijenga baba mkwe wangu. Sisi tuliona ni maneno ya wazee tu. Anasema baba mkwe wake, yaani babu yake baba yangu, alikuwa mpagazi, alishuka pwani na kurudi kwa miguu mara mbili akiwa kijana, mzigo begani, alafu reli ilipokaribia Unyamwezi akaenda kubeba udongo wa tuta. Nikajisemea basi safari hii naipita njia yote ya huyo mzee, kwa mwendo unaoruhusu kuangalia, mpaka mwisho wa reli Kigoma ambako sijawahi kufika.

Mambo ya behewa kwanza maana najua ndo mtauliza. Daraja la pili kulala mnakaa sita chumba kimoja, vitanda vitatu huku na vitatu kule, wanawake kwao na wanaume kwao. Cha kati mchana kinafungwa ili watu wakae. Kama una umri au goti linasumbua omba cha chini mapema, kama ni kijana chukua cha juu kabisa, utalala muda wowote unaotaka bila kusumbuliwa. Beba shuka lako, kandambili, tochi, karatasi za chooni, maji ya kutosha na sweta, msidanganyike na joto la Dar kwa sababu alfajiri huko mbele baridi inaingia dirishani. Chakula kipo bufeti, wali kuku, wali maharage, chai ya maziwa, mimi wali kuku wao niliurudia. Nilibeba pia powerbenki mpya ya kutoka duka moja Kariakoo, ikafa kabla hata ya Morogoro. Mwisho wa siku ikawa heri maana simu nayo ikazima nikabaki na dirisha.

Tulitoka Dar jua limeshuka. Treni haikimbii na wala msitegemee ikimbie, reli hii upana wake ni mita moja kamili toka chuma mpaka chuma, kona ni nyingi na zingine kali, kwaiyo mwendo wake ni ule wa kuweza kusoma kibao cha stesheni bila kukosa herufi. Ukianza kupanda vile vilima vya Pugu unasikia kabisa kichwa kinavyovuta, behewa linalia, na hapo hapo ndo pa kuanzia kufikiria maana kazi ilianzia upande huu, Februari 1905.

Kwanini 1905? Mjerumani kule Tanga alishaanza reli miaka ya 1890 lakini ilienda kwa kusuasua sana, Korogwe imefika 1902, Mombo 1905, Moshi ndo 1911. Wakati huo Mwingereza upande wa pili ameshatoka Mombasa na kugonga ziwa Victoria, Kisumu, Desemba 1901. Sasa hapo ndo maumivu yalipo kwa Mjerumani, mzigo wa Mwanza ambao ni koloni lake mwenyewe, ngozi, karanga, pamba, ukawa unapakiwa melini unavuka ziwa mpaka Kisumu alafu unashuka Mombasa kwa reli ya mwenzake. Yeye Dar es Salaam anayo, bandari nzuri, lakini nyuma ya bandari hamna njia ila njia ya mguu. Ndo ikaundwa kampuni 1904, benki ya Deutsche Bank mbele, serikali yao ikadhamini riba, na ujenzi akapewa Philipp Holzmann wa Frankfurt. Kipande cha kwanza ni Dar mpaka Morogoro, kilomita 209, kikafunguliwa Desemba 1907. Hebu angalieni hiyo miaka tena, 1905 mpaka 1907. Ni miaka ile ile ya Maji Maji. Huku wanapigilia reli, kule kusini watu wanakufa kwa risasi na baadae kwa njaa, nchi moja hiyo hiyo.

Morogoro tulipita usiku, taa tu na wauza chai. Hapa chumbani akaingia mzee mmoja na kibegi chake kidogo cha ngozi, wakampisha kitanda cha chini. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, unakwenda wapi, nikamwambia nakwenda Kigoma ila kwetu Tabora. Akacheka akasema na mimi Tabora. Asubuhi kulipokucha salamu ya kwanza aliyonipa ni mwangaluka, nikajua huyu sasa ni wa kwetu kweli. Kumbe ni mstaafu wa reli, mtu wa gengi, wale waliokuwa wanakaa kambi za pembeni ya njia na kutembea kila siku wakiangalia reli kwa macho na nyundo. Sikupanga lakini kwa safari hii nilipata mwalimu.

Kumepambazuka tuko kwenye bonde la Mkondoa, kati ya Kilosa na Gulwe, na kama ningeambiwa nichague kipande kimoja tu cha safari nzima ningechagua hiki. Kaa dirishani usitoke. Mto uko pale chini, reli iko ubavuni mwa mlima, unapita daraja, kalavati, daraja tena, milima imekubana pande zote, saa nyingine ukichungulia unaona kichwa cha treni yako mwenyewe kinakata kona mbele kama kinarudi ulipo. Mzee akaniambia hapa ndo pametutesa maisha yetu yote. Mjerumani alifuata bonde kwa sababu ndo mlango pekee wa kupandia bara bila kuchimba mlima, lakini mto ule ukijaa hauna adabu. Januari 2010 mafuriko yalibeba tuta na reli ikabaki inaning'inia hewani, safari zikasimama kwa miezi. Aliniambia kwa vidole, akihesabu madaraja aliyoyatengeneza yeye na wenzake, na kila daraja ana kisa. Nilimuuliza mbona wasihamishe njia, akasema mwanangu, kuhamisha ni maneno, wewe angalia kushoto alafu angalia kulia uniambie unahamishia wapi. Nikaangalia. Ni mwamba na maji.

Gulwe. Hapa panahitaji maelezo kidogo maana wengi tunapita tu. Njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo ilikuwa inapita Mpwapwa, kila msafara unasimama Mpwapwa kwa sababu kuna maji na chakula kabla ya kuingia Ugogo. Wajerumani nao wakaweka boma Mpwapwa. Reli ilipokuja ikapita hapa Gulwe, bondeni, Mpwapwa ikabaki kule pembeni kama kilomita 20 hivi. Ndo mambo yakahama. Mbele ya hapo ni hivo hivo, Kilimatinde ilikuwa na boma na jina kubwa, reli ikapita chini yake Saranda na kupanda Manyoni, leo nani anaijua Kilimatinde. Na Bagamoyo kule pwani ndo usiseme. Alafu upande wa pili Dodoma, ambayo reli imeifikia 1910, ikapewa stesheni na ofisi na soko na leo ndo makao makuu ya nchi. Mtu akikaa na ramani anaona mstari tu, ila ukipita kwa treni unaona kabisa mji gani ulibarikiwa na mji gani uliachwa, kwa tofauti ya kilomita chache tu, na aliyeamua ni mtu wa vipimo aliyekuwa anatafuta mteremko usiozidi nguvu za injini ya mvuke.

Kati ya Msagali na Igandu yule mzee alinyamaza, akavua kofia akaiweka magotini. Sikuuliza maana nilijua. Wa umri wangu tunakumbuka 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko ikagongana na ya mizigo, watu 281 hawakufika walikokuwa wanakwenda. Chumba kizima tulikaa kimya mpaka tulipopita, hata vijana wawili waliokuwa wanacheza karata juu waliziweka chini.

Dodoma tulikaa kidogo, watu wakashuka wengi wakapanda wengi. Kuanzia hapa ni Ugogo, tambarare kavu, mibuyu, ng'ombe, vumbi jekundu. Mzee akaniambia enzi za mvuke huku ndo kulikuwa na mtihani maana injini ile inakunywa maji kama tembo na nchi yenyewe haina maji, kwaiyo stesheni hazikuwekwa tu popote zilifuata maji, na matanki yale makubwa ya chuma unayoona pembeni ya stesheni za zamani sio mapambo.

Kula kula ni Saranda. Sikilizeni, kama mtakula bufeti kila mlo mtakosa utamu wa safari hii. Treni ikisimama kina mama wanakuja na masufuria vichwani, kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, viazi, mahindi, mtu anakupakulia hapo hapo dirishani na chenji anakuhesabia treni ikiwa imeshaanza kutikisika na hakosei hata shilingi. Nilichukua kuku nusu na ugali, nikamkatia mzee paja, tukala wote. Baada ya Saranda ndo inakuja ile kazi ya kupanda ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Manyoni, toka nje ya chumba simama kwenye korido dirisha la upande wa bonde, utaona nchi uliyotoka imelala chini yako yote, na treni inakwenda pole pole sana hapa kiasi unasikia kila maungio ya reli, ta-ta, ta-ta. Alafu Itigi, vichaka vizito visivyo na mwisho, hapo unaweza kulala, nakuruhusu.

Sasa nifike kwenye kile kilichonipandisha.

Reli imefika Tabora Februari 1912. Kabla ya hapo kutoka Bagamoyo mpaka Unyamwezi msafara ulikuwa unachukua miezi miwili mpaka mitatu kwa mguu, na kila mpagazi begani ana mzigo wa kama kilo 30, pembe au nguo au shanga, pamoja na mkeka wake na chungu chake. Wanyamwezi ndo walikuwa wenye kazi hiyo, sio utumwa, ilikuwa ni kazi ya kijana kuonesha ameshakuwa mtu, ambaye hajaona bahari alikuwa bado hajaiva. Maelfu kwa maelfu walishuka kila mwaka. Kwaiyo reli ilivyokuja ilimnyang'anya Mnyamwezi kazi yake, na aliyeijenga kwa mikono ni huyo huyo Mnyamwezi na ndugu yake Msukuma. Wakandarasi wadogo walikuwa Wagiriki na Waitaliano, wahandisi Wajerumani, na mwenye jembe, karai na nyundo ni mtu wetu. Njia yenyewe kwa sehemu kubwa imefuata ile ile waliyokuwa wanatembea baba zao. Mtu aliyebeba pembe akiwa na miaka ishirini akapita pale pale miaka kadhaa baadae amebeba udongo.

Tabora tulifika usiku. Hapa treni inasimama muda mrefu, mabehewa yanakatwa, ya Mwanza yanakwenda Mwanza, njia ambayo imemalizwa na Mwingereza 1928, ya Kigoma yanaendelea Kigoma. Mzee alikuwa anashuka hapa. Nikambebea kibegi, alafu akaniambia njoo nikuoneshe kitu kabla hujapanda. Tukaenda pembeni kidogo mwisho wa jukwaa, akawasha tochi yangu akamulika chini. Taruma la chuma, kile kipande kinacholazwa chini kubeba reli, limetolewa njiani siku nyingi, limelala kwenye majani. Mnajua mataruma tunayoyaona siku hizi ni ya zege au ya mbao, hili ni chuma kitupu, limekunjwa mfano wa hori la ng'ombe lililopinduliwa, ncha mbili zimeinama chini ili ziume kokoto lisitembee. Akaligonga kwa jiwe likalia, ngeee, sauti ikakaa masikioni. Akasema Mjerumani alileta haya kwa sababu ya mchwa, mbao ya kawaida huku mchwa anaila kabla hujamaliza kupigilia ya mbele yake. Akaniambia shika. Nikainama nikashika ncha moja nikajaribu kuinua, lilitoka kidogo tu mgongo ukalalamika, mi ni mtu wa kufanya kazi mezani. Akasema sasa piga hesabu, kila hatua moja taruma moja, toka Dar mpaka ziwani, na hamna kreni. Ni bega.

Pale ndo nililipata lile neno la bibi. Nilisimama kama mjinga, sina la kusema, mzee akanipiga bega akasema haya wahi treni yako mwanangu, msalimie Mwami Tambwe huko Kigoma. Nikamwambia ahsante sana mzee, Mungu akuweke.

Tabora Kigoma unalala, unaamka unapita Malagarasi, maji na mapori, hewa imebadilika kabisa imekuwa ya unyevu. Uvinza ni chumvi, imetoka pale tangu kabla ya Wazungu, chemchemi zake za maji ya chumvi zilivuta watu kutoka mbali sana, na mpaka leo dirishani unauziwa. Nilinunua kifuko, nimeleta Dar, ni chumvi nzuri.

Kipande hiki cha mwisho bunge la Ujerumani lilikipitisha 1911 na reli ikagusa ziwa Tanganyika Februari 1914. Jumla kama kilomita 1,250 toka baharini. Wengi wanafikiri reli ingeishia Ujiji maana Ujiji ndo ilikuwa mji, ndo mwisho wa misafara, lakini ghuba ya Kigoma ina kina na imejikinga na upepo, basi Kigoma kijiji cha uvuvi kikapewa bandari na lile jengo la stesheni ambalo ukiliona mara ya kwanza lazima usimame. Jeupe, kubwa, matao yamepangana, limekaa mwisho wa mtaa linaangalia juu mjini. Nenda asubuhi mwanga ukiwa upande wake. Mi nilikaa pale ngazini zaidi ya saa nzima na begi langu.

Na walikuwa na mipango mikubwa sana. Agosti 1914 Dar es Salaam kulipangwa maonesho makubwa ya kusherehekea reli kukamilika, wageni walishaanza kuwasili kwa meli toka Ulaya. Vita ikaanza mwezi huo huo, tarehe 8 meli ya kivita ya Kiingereza ikapiga mizinga Dar. Reli waliyoijenga miaka tisa kwa ajili ya karanga na ngozi na mkonge ikageuka reli ya kubeba askari kabla hata rangi ya stesheni haijakauka.

Kisa kinachonivutia zaidi hapa ni cha ile meli. Mnaijua wote, Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaungwa kwanza kule, alafu ikafunguliwa yote vipande vipande ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja kwa meli mpaka Dar, ikapakiwa kwenye mabehewa ya hii hii reli ikaja Kigoma kuunganishwa upya. Wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, jina la gavana wao aliyekuwepo Maji Maji inaanza. Ikaingia majini Februari 1915. Julai 1916 Wabelgiji wanakaribia kutoka upande wa Kongo, Wajerumani wakaizamisha wenyewe, ila mafundi wake wakazipaka injini grisi kwanza, ili siku moja meli iweze kuopolewa na kutumika tena. Na ndo maana Mwingereza alipoiopoa 1924 injini zilikuwa nzima, 1927 ikapewa jina la Liemba. Nilipotoka stesheni nilishuka kuelekea bandarini nikaziangalia reli zinavyoteremka kwenda majini, nikawaza yale masanduku yalivyoshushwa hapa moja moja. Kila pahala penye hiyo hadithi utakuta majina ya mafundi watatu wa Kijerumani waliokuja nayo, Rüter, Wendt na Tellmann. Ni haki yao, walifanya kazi kubwa.

Wabelgiji nao waliichukua Kigoma mwisho wa Julai 1916 na Tabora 19 Septemba. Mjerumani anarudi kusini huku nyuma anavunja madaraja yake mwenyewe aliyoyajenga jana. Vita ikaisha, nchi akachukua Mwingereza, Mbelgiji akaambulia eneo lake la bandari Kigoma na Dar kwa mkataba wa 1921, kodi yake faranga moja kwa mwaka, ili mzigo wa Kongo na Ruanda-Urundi upite kwa hii reli. Watu wa Dar wakisikia wazee wanasema Belbase ndo hiyo. Na ukweli ni kwamba mpaka leo mzigo wa Kongo na Burundi unapita hapa hapa, niliwaona vijana wanashusha bandarini siku ile ile niliyofika.

Sasa ile nyota. Sio kwa sababu ya mwendo, mwendo ndo utamu wenyewe. Sio kitanda, nililala vizuri kuliko hoteli. Mhudumu wa behewa letu alikuwa dada mmoja mstaarabu sana, anagonga mlango kabla ya kuingia, usiku anapita kukumbusha watu wafunge madirisha stesheni kubwa, Mungu ambariki. Nyota niliyoibakiza ni ya majina. Nimetoka Dar mpaka Kigoma najua jina la mkandarasi, jina la benki, jina la waziri wa makoloni aliyekuja 1907 kukagua, Dernburg, jina la gavana, majina ya mafundi wa meli. Nimeangalia kuta zote nilizoweza kuzifikia. Sijakuta jina hata moja la mtu aliyebeba taruma. Hili siwadai wanaoendesha treni, najidai mimi na nyie wote ambao mababu zetu walikuwa pale na hatujawahi kukaa chini tukaandika. Ningependa siku moja nipite Saranda au Malagarasi nione kibao kidogo tu, fulani bin fulani na wenzake, wa kijiji fulani, walijenga daraja hili. Kama ukoo wako una mtu wa hivyo tafadhali niandikie hapo chini, jina lake na alifanyia kazi wapi, hata kama ni kumbukumbu ya bibi tu.

Kwa wanaokwenda na watoto: nendeni, watafurahi, ila wafungeni masweta na muwashike mikono stesheni. Kwa wanaoogopa kuchoka: kateni vipande viwili, mlale Tabora siku mbili, mpande inayofuata. Tiketi kateni mapema hasa Desemba na shule zikifungwa. Mchana kaeni upande wa mto bonde la Mkondoa, wanaojua njia watawaonesha.

Mimi tiketi ya kurudi nimekata ya kushukia Tabora. Nimenunua daftari hapa Kigoma sokoni, kubwa lenye jalada gumu, maana nina maswali ya kumuuliza bibi. Jina la baba mkwe wake ninalo. Nataka na la mnyapara wake, na ya wale aliokula nao chungu kimoja.